Dawa ya Kupe na Dawa ya Pamba

Mzee Salum alizikwa Bariadi siku ya Ijumaa, na mimi nilifika wakati watu wanatoka makaburini, kwa sababu basi letu lilikaa Lamadi likingoja kipuri. Nikapelekwa uani kwa wanawake, nikapewa mkeka na sahani ya pilau, nikala huku nimeegemea ukuta wa chumba cha mbele, ambacho siku hizi kinauza makava ya simu. Binti mmoja wa ukoo, ambaye enzi zetu alikuwa hajazaliwa, aliniuliza kwa adabu marehemu alikuwa nani kwangu. Nikamjibu kwamba nilikuwa mpangaji wake. Jibu hilo ni la kweli lakini ni dogo mno, na tangu niliporudi Mwanza limekuwa likiniudhi. Mzee yule ndiye aliyenipa mlango wa kwanza wa kazi yangu, na mwaka ule ule alikaribia kabisa kuufunga. Kwa hiyo nauandika mwaka wenyewe kama ulivyokuwa, na sitajifanya mnyenyekevu, maana ni mwaka nilioshinda.

Ulikuwa wakati ambao kila kitu kilikuwa kimefunguliwa. Wanunuzi binafsi wa pamba walianza kuingia na malori yao, kila mmoja na mizani yake. Maduka yalijaa ndala, betri na redio. Ofisi za serikali zilizozoea kugawa dawa za mifugo zilibaki na makabati matupu na karani mpole aliyekuambia ukanunue mwenyewe, na majosho ya vijijini yalikauka yakaota nyasi. Mimi nilikuwa nimetoka chuoni na cheti changu cha mifugo, nikakuta ajira zimesimamishwa. Wenzangu waliamua kusubiri zifunguliwe. Mimi kusubiri sijaumbiwa. Nilipata kibali cha kuuza dawa za mifugo, nikapakia maboksi yangu kwenye lori la chumvi kutoka Mwanza, nikashuka Bariadi na kuanza kuulizia chumba kando ya njia ya mnadani.

Chumba alikuwa nacho Mzee Salum, mfanyabiashara wa vitambaa, mtu mwembamba wa kofia safi na maneno machache. Alinisikiliza hadi mwisho, kisha akaniuliza, "Dawa za wanyama gani?" Nikamwambia ng'ombe, mbuzi, kuku, mbwa na paka. "Hapo kwenye mbwa umeniharibia," akasema. Nilimwelewa. Alikuwa mtu wa swala tano, na mate ya mbwa kwenye baraza yake yangemtia najisi kila alipotoka kwenda msikitini. Nilikuwa nimeshajifunga mkoba begani niondoke pale paka wao alipopita, dume kubwa la kijivu wakimwita Sultani, kichwa kikiwa kimeinama upande mmoja kama anayesikiliza habari za jirani. Alisimama, akajikuna sikio mpaka damu ikatoka. Nikamnyanyua bila kuomba ruhusa na kumfungua sikio, nikaona uchafu mweusi uliofanana na machicha ya kahawa. "Huyu ana utitiri masikioni," nikasema. Bi Zuhura, mke wa Mzee, akatoka jikoni na mwiko mkononi akasema wamemtia maji ya ndimu, wamemtia mafuta ya taa, na kila wakimtia anakimbilia darini. Nikaomba mafuta ya karanga yaliyopashwa moto kidogo, nikamsafisha sikio kwa pamba, kisha nikamchoma kijisindano cha ivamektini chini ya ngozi ya shingo, tone dogo tu, maana paka ni mdogo na dawa ile haitaki ukarimu. Baada ya siku kadhaa Sultani alilala mchana kutwa bila kujikuna, na mimi nikapewa chumba, kwa sharti kwamba mbwa wapitie nyuma na asikanyage hata mmoja baraza ya mbele.

Rafu za chumba kile hapo awali zilikuwa za kanga, kwa hiyo miezi ya mwanzo dawa zangu za minyoo zilinukia udi na kitambaa kipya. Kulikuwa na dirisha moja la mbao upande wa barabara, na upande wa uani mlango mfupi ambao Bi Zuhura aliutumia kunipitishia chakula bila kuniuliza kama nimeshakula. Alinipa wali wa pale pale Bariadi na samaki waliokaangwa, walioletwa na akina mama wa Lamadi kwenye matenga, na siku nyingine maharage yenye nazi ambayo sijui nazi yake aliipata wapi. Mimi nilimlipa kwa matobolwa, viazi vitamu vilivyochemshwa, kukatwa na kukaushwa, pamoja na karanga, ambavyo Mzee Salum aliviita chakula cha watoto na kisha akaomba aongezewe. Ukuta kati ya chumba changu na baraza haukufika darini. Jioni wanaume walipokaa nje na kahawa yao nilisikia kila neno, nao walijua nasikia. Mmoja aliuliza siku moja, "Hivi huyu daktari wa mbwa ataolewa na nani?" Mwingine akajibu, "Na mbwa." Wakacheka mpaka vikombe vikagongana. Mzee Salum hakucheka, alisema tu, "Kunyweni kahawa." Mimi nilikasirika sana, na nilipokasirika nilikuwa na tabia ya kupanga chupa upya kwa kishindo, hivyo usiku ule duka langu lilipangika vizuri kuliko siku zote.

Wateja walikuja, lakini kwa ajili ya ng'ombe. Mbwa na paka walikuja kama nyongeza, mtu akishanunua dawa ya ndama alikumbuka kwamba na mbwa wake anapukutika manyoya. Ndipo nilipojua watu wetu wanavyowatibu wenyewe. Ukurutu wa mbwa ulipakwa oili chafu ya gari, na mbwa akaja amenata vumbi na makapi ya pamba huku utitiri ukiendelea na shughuli zake chini. Kidonda chenye funza kilijazwa majivu ya moto. Mtoto wa mbwa mwenye tumbo lililovimba kwa minyoo alisemekana ameshiba. Nilikata manyoya, nikaosha kwa sabuni, nikachoma ivamektini, nikatoa funza mmoja mmoja kwa kibano na kupaka dawa ya bluu, nikapima mbwa kwa kumkumbatia na kukadiria uzito wake ndipo nikampa vidonge vya minyoo. Wenye mbwa walinitazama kama mtu anayefua nguo za kukodi. Kwa Wasukuma wafugaji mbwa ni mlinzi wa zizi, fisi anamjua kwa jina, lakini kumtibu lilikuwa jambo la kuchekesha. Mimi nililipenda kuliko yote. Ng'ombe anapopona mwenyewe huhesabu faida, lakini mbwa anapopona anarudi na kukutambua, na mimi napenda kutambuliwa.

Ubaya ulikuja kwa njia ya neno. Kwetu neno lilikuwa moja tu, dawa. Kidonge cha homa ni dawa, sindano ya ng'ombe ni dawa, maji ya kupulizia wadudu wa pamba ni dawa, na chai chungu ya mganga ni dawa. Zamani dawa ya pamba iligawiwa kwa utaratibu pamoja na mabomba ya kunyunyizia, lakini mwaka ule yeyote mwenye meza sokoni aliiuza, akaimimina kwenye chupa za soda na kuifunga kwa kipande cha nailoni. Na watu wetu walikuwa na kipimo chao cha dawa ya kuogeshea mifugo, walichokipata josho lilipokuwa linafanya kazi. Ukiimwaga kwenye maji na maji yakageuka maziwa, basi ni dawa kamili. Yasipogeuka umeibiwa. Dawa yangu ya kupe iligeuka maziwa. Dawa ya pamba nayo iligeuka maziwa, tena mazito zaidi, na bei yake ilikuwa chini. Niliposikia mara ya kwanza mteja akisema kwamba ya sokoni ina maziwa mengi kuliko yangu, nilimfokea, nikamweleza, akatikisa kichwa akakubali, akatoka, na sidhani kama alikumbuka neno moja. Nikaenda Mwanza kuongeza mzigo na nikanunua chupa ya atropini, dawa ya kumwokoa aliyedhurika na dawa za wadudu, ambayo hakuna mtu Bariadi aliyewahi kuniulizia. Muuzaji alinicheka, akasema mkulima gani atainunua hiyo. Nilimwambia hainunuliwi, inasubiriwa. Niliona pamba pande zote za barabara hadi Maswa na nikajua siku moja itatakiwa.

Kabla siku hiyo haijafika, mbwa walianza kufa vijijini. Habari zilikuja na baiskeli, kwanza kutoka upande mmoja, halafu mwingine, mbwa ameogeshwa asubuhi, mchana anatetemeka na kutoka povu, jioni anatupwa. Na kila aliyefiwa alikuwa na chupa yangu nyumbani, yenye karatasi yangu niliyoibandika mwenyewe kwa gundi ya ngano. Wateja wakapungua. Wanawake waliokuwa wakinipungia mkono wakipita walianza kuangalia upande wa pili wa barabara. Jioni nilisikia barazani sauti ikisema, "Dawa ya yule binti inaua," na safari hii hakuna aliyecheka. Nilikaa kwenye boksi gizani nikalia, nikiwa nimeziba mdomo kwa kanga wasinisikie. Asubuhi Mzee Salum alibisha mlango wa uani, akasimama nje bila kuingia. "Minza," akasema, "mimi sisemi ni kweli. Lakini watu wakikasirika hawachomi dawa, wanachoma nyumba, na nyumba ni yangu. Mwisho wa mwezi unirudishie ufunguo wangu." Nilimwambia, "Sawa, Mzee." Bi Zuhura alikuwa jikoni, akaacha kukoroga. Siku ile hakunipitishia chakula mlangoni. Aliingia nacho, akakaa sakafuni tukala wote. Nilijua nikitoka Bariadi na jina lile, hakuna mji wa Usukuma ambao ungenipa chumba kingine. Habari za mifugo zinasafiri mbele ya mwenye kusafiri.

Siku ya mnada nilifungua kama kawaida, kwa ukaidi tu. Kabla jua halijawa kali nikasikia kelele zinakuja kutoka upande wa mnadani, na mbele ya kelele alikuwa Masanja, mfugaji wa Mwamapalala, pande la mtu, amebeba mbwa mikononi kama anavyobebwa ndama aliyezaliwa njiani. Nilimjua Masanja na nilimjua mbwa. Mbwa aliitwa Tutaonana. Kwetu mbwa hupewa jina ambalo mwenyewe hawezi kumwambia jirani usoni, kisha kila jioni akimwita mbwa jirani anasikia. Masanja alikuwa na ugomvi wa malisho na jirani yake Gamaya, na mbwa wake alikuwa akiusema ugomvi huo kwa niaba yake mwaka wa ngapi sijui. Masanja na mkewe walikuwa wamekuja tangu jana yake na ng'ombe wa kuuza, wakalala kwa ndugu zake pembeni mwa mji, na asubuhi, kwa kuwa mbwa alijaa kupe wa njiani, mkewe akamwogesha. Sasa Masanja hakupitia nyuma. Alipanda baraza ya mbele moja kwa moja, akamlaza Tutaonana juu ya sakafu aliyokaa Mzee Salum kila jioni, na kuinua chupa juu watu waione.

"Chupa ya nani hii?" akauliza.

"Yangu, baba," nikasema.

"Basi. Mmesikia wenyewe."

Watu wakasogea. Kulikuwa na wachunga wenye fimbo, wauza kamba, akina mama wa dagaa, na nyuma yao wale wa kahawa. Nilitaka kugombana, na kugombana naweza. Lakini mbwa alikuwa miguuni pangu. Mate yalimtoka kama bomba bovu, machozi yalimtiririka, misuli ilimchezacheza chini ya ngozi kila mahali, na mboni za macho zilikuwa zimesinyaa zikawa ncha ya sindano. Manyoya yake yalinuka shamba la pamba wakati wa kupulizia. Kama angekufa pale, mbele ya mnada mzima, nisingekuwa na duka jioni ile, na huenda nisingekuwa na meno. Nikaingia ndani, nikatoka na atropini na bomba la sindano, nikapiga magoti. "Mshike mguu wa mbele, baba, utanitukana baadaye," nikamwambia Masanja, na yule mtu, akiwa bado amekasirika, akamshika mbwa wake kwa namna nzuri kuliko msaidizi yeyote niliyewahi kumpata, mkono mmoja kifuani na mwingine nyuma ya kiwiko, mshipa ukasimama wazi. Nikachoma sehemu ndani ya mshipa na iliyobaki chini ya ngozi. Kisha nikavaa mifuko ya nailoni mikononi, nikasema kwa sauti kwamba nahitaji maji na sabuni ya mche.

Hakuna aliyekwenda kuleta. Mlango wa mbele ukafunguliwa na Mzee Salum akatoka, kanzu nyeupe, akatazama povu la mbwa kwenye baraza yake, akanitazama mimi. Nilidhani ataniambia nitoke hapo hapo. Akakunja kanzu yake akaichomeka kiunoni.

"Maji kiasi gani?" akauliza.

"Yote, Mzee."

Akaenda kwenye pipa la uani na kurudi na ndoo, akarudi tena, na tena, akimimina huku mimi nasugua, na kila alipomimina maji yalitoka kwenye manyoya ya Tutaonana yakiwa meupe kama maziwa. Mtu mmoja akasema kwa nguvu, "Si mnaona, ni dawa yake, hiyo ndiyo dawa ya kupe." Masanja alikuwa ameinamia kichwa cha mbwa akiita taratibu, "Tutaonana, Tutaonana," na mama mmoja wa dagaa, aliyekuwa hamjui mbwa wala jina lake, akamwambia kwa huruma, "Baba, usimuage bado." Wengine wakacheka. Masanja akalia. Nakumbuka kucheka kule na kulia kule vilivyokwenda pamoja, na mimi katikati nasugua, nikitazama mdomo wa mbwa, maana atropini inajulikana imefanya kazi pale mate yanapokauka. Hayakukauka. Nikachoma tena.

Hapo ndipo nilipomwona mke wa Masanja, Mama Kulwa, amesimama nyuma ya mumewe akijifuta macho kwa upindo wa kanga. Nilidhani naye analia. Nikatazama vizuri, nikaona mate yanamjaa mdomoni anayatema pembeni. "Mayu," nikamwambia, maana kwetu kila mama unamwita hivyo, "kichwa kinakuuma?"

"Kinauma, ng'wanawane, mwanangu. Tangu asubuhi."

"Ulimwogesha mbwa kwa mikono mitupu?"

"Kwa nini nisimwogeshe? Si dawa?"

"Ulimwogesha na ya kwangu?"

Akamtazama mumewe, kisha chupa. "Ya kwako iliisha zamani," akasema. "Ni nzuri, lakini iliisha. Nikaenda na chupa yako sokoni wakanimiminia ya pamba. Nikaimwaga majini ikawa maziwa. Si dawa ile?"

Mimi sikushangilia, nilimwita Bi Zuhura aje haraka. Alimchukua Mama Kulwa mkono, akamwingiza bafuni, akamwosha kwa sabuni toka kichwani hadi miguuni kama anavyooshwa mzazi, akamvalisha kanga zake mwenyewe mpya za dukani, na ndugu wa Masanja wakampeleka hospitali kwa baiskeli nikiwa nimewaambia waseme nini wakifika. Alilala huko usiku mmoja akatoka mzima. Nilipogeuka nikamtazama Tutaonana, midomo yake ilikuwa mikavu.

Tulikaa naye pale barazani. Mnada uliendelea bila watu wengi waliopaswa kuwa mnadani. Kila mara mtetemo uliporudi nilichoma kidogo, ukatulia. Alasiri akainua kichwa. Baadaye akajikusanya, akasimama kwa miguu iliyopishana, akaanguka, akasimama tena, akatembea hadi kwenye nguzo ya baraza ya Mzee Salum, akainua mguu na kukojoa. Mzee Salum, aliyekuwa ameshaoga na kubadili kanzu, alikuwa mlangoni. "Naona amepona," akasema. Watu wakaangua kicheko, na mimi nilikaa chini pale pale kwenye maji na povu, nikacheka nao mpaka mbavu zikauma. Sijawahi kufurahi hivyo, hata siku ya harusi yangu, na mume wangu analijua hilo.

Masanja hakwenda zake kimya kimya. Alipanda juu ya robota la vitambaa lililokuwa mlangoni, bila kumuomba mwenyewe, akasema kwa sauti ya mtu aliyezoea kuita ng'ombe walio mbali. "Nimesema huyu binti ameua mbwa. Mmesikia nikisema. Sasa sikieni na hili. Aliyekuwa anaua mbwa ni mimi na nyumba yangu, na wengine humu mlifanya hivyo hivyo, msinitazame. Gashi, kumbe ile ya pamba si dawa. Ni sumu. Kwangu kuanzia leo inaitwa sumu ya pamba, na atakayeiita dawa kwenye boma langu atalala nje." Akashuka, akanishika mkono kwa mikono yake miwili. "Wabeja, asante sana, daktari," akasema, na wanaume wa kahawa walikuwa karibu vya kutosha kusikia.

Maneno hayakai mahali pamoja. Kabla pamba haijamaliza kuchumwa nilisikia watu nisiowajua, wa Kiloleli na wa Maswa, wakisema sumu ya pamba kana kwamba ndivyo walivyofundishwa tangu utoto. Mwenye meza ya chupa za soda alikuja dukani amefura. "Dada, unaniharibia biashara," akaniambia. "Watu wanakuja wananiambia nipe sumu. Sasa mimi nitauzaje sumu?" Nikamwambia auze hivyo hivyo, na awape na maelezo. Alikasirika zaidi, lakini baada ya muda alianza kuchora fuvu kwa makaa kwenye vibandiko vyake, na fuvu lenyewe alilichora vizuri. Mbwa hawakufa tena kwa kuogeshwa, au kama walikufa hakuna aliyeleta chupa yangu.

Mnada uliofuata walikuja na mbwa kwa kamba, kwa minyororo, kwa vipande vya chandarua, njia ya uani ikajaa mpaka barabarani. Nilichoma, nikaosha, nikanywesha vidonge, nikachanja kichaa cha mbwa kwa chanjo niliyoiagiza kwenye chupa ya chai yenye barafu. Katika foleni alikuwemo Gamaya, jirani wa Masanja, na mbwa mwekundu mwenye ukurutu. Nikamuuliza mbwa anaitwa nani. Akatazama huku na huku, akasema kwa sauti ndogo, "Nakusubiri." Masanja alikuwa mbele yake kwenye foleni ile ile. Hakuna aliyepigana. Masanja aligeuka akamwambia, "Mshike mguu wa mbele, hivi, mshipa usimame," na akamwonyesha.

Jioni ya siku ya Tutaonana, watu walipoondoka, Mzee Salum alikuwa ameiosha baraza mwenyewe kwa udongo na maji, akirudiarudia kama dini yake inavyotaka, na hakukubali nimsaidie. Nilidhani anaosha pia kumbukumbu yangu hapo. Mwezi ulikuwa unakwisha na mimi nilikuwa nimeanza kupanga chupa kwenye maboksi, maana alikuwa hajaondoa neno lake na mimi si mtu wa kuomba. Akabisha mlango wa uani. Nikachukua ufunguo msumarini nikamnyooshea. Hakuupokea. Alikuwa na ufunguo mwingine mkononi, wa kutu, wa stoo ya nyuma aliyokuwa akitunzia majora ya vitambaa.

"Majora nimeyahamishia ndani," akasema. "Bi Zuhura amechoka kuwaona wagonjwa wako wanalala juani. Mbwa nyuma, paka mbele. Na ukuta wa kati nitaupandisha mpaka darini, wale wa kahawa wanasema sana."

Nikamuuliza kama ana hakika. Akasema anawahi swala, tusichelewe kwa mambo yanayoeleweka. Nikafungua maboksi na kurudisha chupa kwenye rafu, kisha nikaenda stoo na ufagio nikafagia hadi kiza kikaingia, nikiimba kwa sauti mbaya niliyopewa na Mungu. Mwisho wa mwezi ulipofika nilikuwa na vyumba viwili.